James Cyriax: daktari aliyeupa mkono nafasi yake katika tiba ya mgongo

Msimu wa mpunga unapopamba moto katika bonde la Kilombero, kiungo kinachoteseka kuliko vyote ni kiuno. Kupandikiza ni kuinama, kupalilia ni kuinama, kuvuna ni kuinama, na mwisho wa yote lipo gunia la kubeba begani hadi barabarani. Upande wa Kidatu wakataji wa miwa nao hushinda wameinama na panga mkononi. Vijana wa bodaboda hutingishwa mashimoni kutoka asubuhi hadi usiku. Ndiyo maana maumivu ya mgongo yanayoshuka kwenye tako, paja na mguu hadi unyayoni ni jambo ambalo karibu kila kaya hapa Ifakara inalijua. Na swali ni lile lile kila mwaka: niende kwa mchuaji aninyooshe, au niende hospitali?

Katika makala hii tunasimulia maisha ya mtu aliyetumia karibu nusu karne kulitafutia jibu swali hilo. Anaitwa James Henry Cyriax, daktari wa London nchini Uingereza, aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1904 na kufariki Juni 1985. Katika nchi nyingi wanafunzi wa fiziotherapia hukutana na jina lake mapema sana masomoni. Jibu lake, kwa kifupi, ni kwamba mkono unaweza kuutibu mgongo, lakini kabla mkono haujagusa ni lazima mgonjwa achunguzwe na ijulikane kinachouma ni nini. Lilikuwa jibu rahisi kulitamka, lakini lilimgombanisha na madaktari wenzake, na pia na wanyooshaji wa viungo wa mitaani.

Mtoto wa familia ya wachuaji

Cyriax hakuanza kujifunza kazi ya mikono darasani. Ilikuwa kazi ya nyumbani kwao. Babu yake mzaa mama, Henrik Kellgren, alikuwa raia wa Uswidi aliyepata sifa kubwa kwa kutibu watu kwa kuchua, kugongagonga neva kwa vidole na kufanyisha viungo mazoezi. Alitibu kwao Uswidi, na London pia alikuwa na wagonjwa wengi.

Kellgren alitoka katika utamaduni ulioanza mbali. Mwaka 1813 Mswidi mwingine, Per Henrik Ling, alifungua chuo mjini Stockholm kufundisha mazoezi ya mwili, yakiwemo mazoezi ya tiba. Wahitimu wa chuo hicho waliisambaza kazi hiyo sehemu nyingi za Ulaya.

Baba yake James, Edgar Cyriax, alijifunza kwanza kazi ya Kellgren, kisha akasomea udaktari Edinburgh, akaandika kitabu kuhusu tiba ya mikono ya mkwewe na kuendelea kuitoa London. Mama yake, Annjuta, binti wa Kellgren, aliifanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo James alikulia katika nyumba ambayo kuchua mgonjwa lilikuwa jambo la kila siku, sawa na mtoto wa mvuvi wa Kivukoni anayekua akiona nyavu zikishonwa.

Lakini nje ya nyumba hiyo, kazi ya wazazi wake haikuheshimiwa sana. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London walilazimika kuunda chama cha wachuaji waliosomea, kwa sababu jina la kuchua lilikuwa limechafuliwa na nyumba za mambo mengine zilizojificha nyuma yake. Chama hicho ndicho kilichokua na kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza.

Wanyooshaji wa viungo wa mitaani nao walikuwa na kisa chao. Aliyevuma zaidi alikuwa Herbert Barker, mtu asiye daktari ambaye wagonjwa walimfuata kwa wingi. Daktari mmoja, Frederick Axham, alikubali kuwalaza kwa dawa ya usingizi wagonjwa wa Barker ili wanyooshwe bila maumivu. Mwaka 1911 baraza la madaktari lilimfutia Axham usajili wake. Barker mwenyewe, miaka 11 baadaye, alipewa na mfalme heshima ya kuitwa Sir. Umma ulikuwa upande mmoja na madaktari upande mwingine. James Cyriax alikuwa bado mtoto mdogo kisa cha Axham kilipotokea, na ugomvi huo ndio aliokuja kuurithi.

Ng'ambo ya Mto Thames

Alisoma Cambridge, kisha akaingia Hospitali ya St Thomas's, ile inayotazamana na majengo ya Bunge la Uingereza ng'ambo ya Mto Thames. Alihitimu udaktari mwaka 1929 na akabaki hapo hapo. Isipokuwa safari za kufundisha, maisha yake yote ya kazi yalikuwa hospitalini hapo hadi alipostaafu mwaka 1969.

Akiwa daktari kijana katika idara ya mifupa, aliona jambo lililomsumbua. Mgonjwa aliyevunjika mfupa alipigwa eksirei, mpasuko ukaonekana, naye akatibiwa kwa utaratibu unaoeleweka. Mgonjwa mwenye maumivu ambaye eksirei yake haikuonyesha kitu alipewa jina lolote la ugonjwa, mara baridi yabisi, mara misuli kukaza, kisha akapelekwa kwenye idara ya kuchua. Huko alichuliwa pale anapouma. Wengine walipona, wengine hawakupona, na hakuna aliyejua kwa nini.

Cyriax aliona kwamba wagonjwa wa aina hii ya pili ndio walio wengi. Eksirei inaonyesha mifupa. Haionyeshi misuli, kano, neva wala ile mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo. Kwa hiyo akaanza kutengeneza njia ya kuvichunguza vitu hivyo kwa mikono na macho tu.

Njia yake tunaweza kuieleza kwa mfano wa bega. Kwanza mgonjwa anaunyanyua mkono mwenyewe. Pili mkono unalegezwa na daktari anaunyanyua yeye. Tatu mgonjwa anasukuma huku daktari akiuzuia usisogee. Ikiwa maumivu yanakuja pale tu anaposukuma dhidi ya kizuizi, kasoro ipo kwenye msuli au kano yake. Ikiwa yanakuja hata daktari anapousogeza mkono uliolegea, kasoro ina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye kiungo chenyewe. Kwa hatua hizi tatu, zikirudiwa kwa kila mwelekeo, daktari anaweza kupunguza orodha ya washukiwa mmoja baada ya mwingine.

Alisisitiza pia jambo ambalo wachuaji wengi hawakulijua: mahali panapouma si lazima pawe ndipo penye kasoro. Mtu anaweza kuumwa paja lote na nyuma ya goti huku paja na goti vikiwa vizima kabisa, kwa sababu kinachobanwa ni neva pale inapochomoza kutoka mgongoni. Kumchua mtu huyo paja kwa mwezi mzima ni kazi bure.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikabidhiwa idara ya kuchua na mazoezi ya tiba hospitalini hapo, idara iliyowahi kuongozwa na James Mennell, daktari mwingine aliyeamini sana mikono. Cyriax aliibadilisha polepole kuwa idara ya uchunguzi na tiba ya maumivu ya viungo yasiyohitaji kisu.

Diski inapotoka mahali pake

Ili kuelewa alichokifanya baadaye, tuieleze kwanza diski yenyewe.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili. Kati ya pingili na pingili upo mto, yaani diski. Nje yake ni pete ngumu yenye tabaka nyingi za nyuzi, na ndani yake kuna kiini laini kama ute mzito. Sehemu ya kiunoni ina pingili tano, na diski mbili za chini kabisa ndizo zinazobeba mzigo mkubwa na ndizo zinazoharibika mara nyingi zaidi. Mtu anapoinama na kunyanyua mzigo, kiini husukumwa kuelekea nyuma. Pete ikichanika, kiini au kipande cha pete chenyewe huweza kutokeza na kugusa neva iendayo mguuni. Hapo ndipo maumivu yanaposhuka kama waya wa umeme, pamoja na ganzi, na wakati mwingine mguu kukosa nguvu.

Leo tunalisema jambo hili kwa wepesi, lakini Cyriax alipohitimu udaktari halikuwa likijulikana hivyo. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha taarifa ya wagonjwa waliowapasua na kuonyesha kwamba uvimbe uliokuwa ukidhaniwa ni wa aina nyingine ulikuwa kweli ni kipande cha diski kilichotoka mahali pake. Tangu hapo wapasuaji wengi waliiona diski kama jambo la kisu.

Cyriax aliisoma habari hiyo kwa jicho la mtoto wa mchuaji. Alijiuliza: ikiwa kuna kipande kilichosogea, kwa nini kisisogezwe tena bila kupasua? Na ikiwa wanyooshaji wa mitaani huwasaidia baadhi ya watu, huenda wanachofanya ni hicho, bila wao wenyewe kujua. Mwaka 1945 alichapisha katika jarida la The Lancet maelezo yake kuhusu maumivu ya ghafla ya kiuno. Alieleza kwamba diski iliyotokeza huusukuma utando unaofunika mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo. Ndiyo maana mgonjwa akikohoa au akipiga chafya kiuno kinamchoma, na ndiyo maana akilala chali na kunyanyuliwa mguu ulionyooka maumivu huongezeka.

Kunyoosha, kuvuta, sindano, au kusubiri

Kutoka hapo Cyriax alijenga mpango wa tiba. Ubora wake ulikuwa kwamba hakuwapa wagonjwa wote dawa moja.

Wa kwanza ni yule anayesimulia kwamba aliinama kuokota kitu, akasikia mgongo umekwama ghafla. Cyriax aliamini huyu ana kipande kigumu cha pete kilichosogea, na huyo ndiye aliyefaa kunyooshwa kwa mkono. Mgonjwa alilazwa kwenye kitanda kifupi, mara nyingi ubavu, bega likasukumwa upande mmoja na nyonga upande mwingine, kisha ukafanyika msukumo mmoja mfupi. Baada ya kila msukumo mgonjwa alisimamishwa na kupimwa upya: anainama zaidi ya mwanzo? Mguu unanyanyuka zaidi? Kukiwa na nafuu, waliendelea. Maumivu yakizidi au yakishuka zaidi mguuni, waliacha hapo hapo.

Wa pili ni yule ambaye maumivu yalikuja taratibu, saa kadhaa baada ya kazi ya kuinama, akaamka kesho yake hawezi kunyooka. Kwa huyu Cyriax alidhani kilichotokeza ni kiini laini, na kitu laini hakisukumiki kwa msukumo wa ghafla. Alimfunga mikanda kifuani na kiunoni juu ya kitanda maalumu na kumvuta taratibu kwa nusu saa au zaidi, kila siku, kwa wiki moja au mbili.

Wa tatu ni yule ambaye neva imekwisha kuathirika: kidole gumba cha mguu hakinyanyuki, au hawezi kusimama kwa ncha za vidole, au goti na kifundo haviruki vinapogongwa kwa nyundo ndogo ya daktari. Kwa huyu Cyriax alikataza kunyoosha na kuvuta. Alimpa sindano ya dawa ya ganzi kupitia tundu dogo lililo chini kabisa ya uti wa mgongo, njia aliyoanza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1930. Au alimweleza ukweli ambao wagonjwa wengi hawakuutarajia: kwamba maumivu ya aina hii mara nyingi huisha yenyewe, hata kama yatachukua miezi.

Na yupo wa nne, ambaye Cyriax alisema asiguswe kabisa na mkono wa mnyooshaji: yule ambaye mkojo umeziba au unamtoka bila kujua, au ana ganzi kwenye sehemu za siri na eneo analokalia. Huyo ana diski iliyobana fungu zima la neva za chini. Kumnyoosha kunaweza kumharibu moja kwa moja. Anahitaji mpasuaji, na anamhitaji haraka.

Vita vya pande mbili

Mtu angedhani mpango huo ungepokelewa kwa shangwe, lakini mambo hayakwenda hivyo.

Kwa madaktari wenzake, kunyoosha mgongo kulikuwa bado na harufu ya Barker na kisa cha Axham. Wengi waliona si kazi ya msomi. Wapasuaji walikuwa na kisu, madaktari wa kawaida walikuwa na vidonge, na mgonjwa wa kiuno alizungushwa kati yao. Cyriax alitaka tiba yake itambuliwe kama tawi kamili la udaktari lenye madaktari bingwa wake. Hilo hakulipata Uingereza hadi anafariki.

Upande wa pili walikuwapo wanyooshaji wa shule mbili zilizoanzishwa Marekani katika karne ya 19: osteopathia ya Andrew Taylor Still na kiropraktiki ya Daniel David Palmer. Hao walidai kwamba pingili zilizohama ndizo chanzo cha magonjwa mengi mwilini, hata yasiyohusu mgongo. Cyriax aliwapinga kwa maneno makali miaka yote. Alikubali kwamba mikono yao inaweza kusaidia, lakini aliyakataa maelezo yao, na aliona ni hatari mtu anayenyoosha mgongo kukosa elimu ya kutambua ni nani hapaswi kunyooshwa.

Hoja yake kwa madaktari ilikuwa kwamba wao ndio wanaowasukuma wagonjwa huko. Mtu mwenye maumivu hasubiri ruhusa. Hospitali ikimwambia hana kitu kwa sababu eksirei ni safi, ataondoka na kumtafuta atakayemgusa.

Suluhisho lake lilikuwa kuwafundisha wataalamu wa fiziotherapia. Daktari achunguze, mtaalamu wa fiziotherapia anyooshe, na wote wawili wafahamu mipaka. Leo linaonekana jambo la kawaida, lakini wakati huo wapo waliodhani ni hatari kuwapa kazi hiyo watu waliozoea kuagizwa tu kuchua. Cyriax aliwafundisha wanafunzi wa St Thomas's mwaka hadi mwaka, wakiwaangalia wagonjwa halisi. Watu waliomfahamu walimkumbuka kama mwalimu mkali, mwenye hakika na asemalo na asiyepakazia maneno asali. Tabia hiyo ilimpa wafuasi waaminifu. Ilimpa na maadui pia.

Vitabu na wanafunzi

Mwaka 1947 alichapisha kitabu chake kikubwa cha kwanza kuhusu uchunguzi na tiba ya maumivu ya misuli, kano na viungo. Alikiandika upya na kukipanua mara kwa mara, na toleo la nane la juzuu yake ya uchunguzi lilitoka mwaka 1982, akiwa na miaka 77. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha picha pamoja na mkewe Patricia, mtaalamu wa fiziotherapia aliyesafiri na kufundisha naye.

Wanafunzi wake waliisambaza kazi hiyo. Mnorwe Freddy Kaltenborn alijifunza kwake London na kuipeleka Skandinavia, kisha akajenga shule yake mwenyewe ya tiba ya mikono. Geoffrey Maitland wa Australia na Robin McKenzie wa New Zealand, majina mawili makubwa katika fiziotherapia ya mgongo, nao walichota kwake kabla ya kushika njia zao. Mtaalamu wa fiziotherapia anapokunyanyua mguu ukiwa umelala chali, akakuambia usukume kidole gumba dhidi ya mkono wake, kisha akakupima tena baada ya tiba, anafuata desturi ambayo Cyriax aliisisitiza maisha yake yote.

Utafiti uliomsahihisha

Kumheshimu mtu hakutuzuii kusema pale alipozidisha. Cyriax aliamini kwamba karibu kila maumivu ya kiuno yanatokana na diski. Wataalamu wa leo hawakubaliani naye. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili, misuli, na hata msongo wa maisha na usingizi mbovu vina mchango wao, na kwa wagonjwa wengi chanzo kimoja hakionekani.

Mashine za MRI zilileta mshangao mwingine. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vipimo vya watu 98 wasio na maumivu ya mgongo hata kidogo. Zaidi ya nusu yao, asilimia 52, walikuwa na angalau diski moja iliyovimba, na asilimia 27 walikuwa na diski iliyotokeza. Ni asilimia 36 tu waliokuwa na diski zote safi. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Cyriax mwenyewe, aliyesisitiza kumchunguza mgonjwa kwanza, huenda angefurahia sehemu hiyo ya matokeo.

Kuhusu kuvuta, majaribio mengi yaliyofanyika baadaye hayakuonyesha faida kubwa. Kunyoosha kwa mkono kunaweza kumpunguzia mgonjwa maumivu kiasi, hasa ya kiuno ya muda mfupi, lakini hakuna uthibitisho kwamba kunakirudisha kipande cha diski ndani. Kilichothibitika ni kwamba mwili wenyewe huweza kukinyonya na kukipunguza kipande kilichotoka, kwa miezi. Wagonjwa wengi wa diski yenye maumivu ya mguu hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Hapo Cyriax alikuwa sahihi: mara nyingi muda ni tiba.

Desturi ya kumlaza mgonjwa kitandani wiki nzima nayo imeachwa. Utafiti uliofanyika Helsinki, Ufini, na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watu wenye maumivu mapya ya kiuno walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona haraka kuliko waliolazwa kitandani kwa siku mbili.

Maisha haya yanatuambia nini bondeni

Ugomvi wa London wa miaka 100 iliyopita haupo mbali na sisi. Huku kwetu pia wapo wachuaji wanaoheshimika, wapo wanaomkanyaga mgonjwa mgongoni kwa miguu, na zipo hospitali ambako mtu hupewa vidonge vya maumivu na kuambiwa eksirei ni safi. Mkulima anayehitaji kiuno chake kabla mvua hazijakatika hana subira, na hatuwezi kumlaumu.

Kwake somo la Cyriax ni hili: mpangilio ndio wa muhimu. Kwanza uchunguzi, ndipo mkono. Kuchuliwa taratibu misuli iliyokaza, au kukandwa kwa maji ya moto, hakuna ubaya kwa mtu aliyekwisha kuchunguzwa. Hatari ipo kwenye kupinda na kukanyaga mgongo ambao hakuna anayejua una nini.

Na hapa kwetu kuna sababu ya ziada ambayo wagonjwa wa London hawakuwa nayo kwa wingi. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo na kuzila taratibu hadi zibomoke. Mgonjwa hulalamikia mgongo kwa wiki na miezi, maumivu hayatulii hata usiku, anapungua uzito, anatoka jasho usiku, ana homa za jioni, na wakati mwingine kinundu kinaonekana mgongoni. Kumnyoosha au kumkanyaga mtu huyo kunaweza kumpooza miguu. Ugonjwa huo una dawa, na katika vituo vya serikali dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Msomaji wetu, ukiona lolote kati ya haya, usipite kwa mchuaji kwanza:

- mkojo kuziba, au mkojo na choo kutoka bila kujijua;
- ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja;
- mguu kuzidi kukosa nguvu, au kanyagio kuburuta chini unapotembea;
- maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka mtini, pikipiki au ajali nyingine;
- maumivu pamoja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito;
- maumivu mapya ya mgongo kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.

Dalili mbili za kwanza ni dharura ya siku hiyo hiyo, na mguu unaoisha nguvu haraka ni hivyo hivyo. Kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa neva kurudi katika hali yake. Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara. Wanaohitaji upasuaji wa mgongo hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi, ikiwemo Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam.

Kwa wengine wote, ambao ndio wengi, ushauri wa Cyriax kuhusu mkao bado unafaa shambani. Alisisitiza kulinda ule mbonyeo wa asili wa kiuno. Unaponyanyua gunia, kunja magoti, lisogeze karibu na mwili, na usipinde kiuno huku umelibeba. Gunia la lumbesa lingefaa ligawanywe mara mbili, au libebwe na watu wawili. Unapopandikiza au kuvuna, simama kila baada ya muda, weka viganja kiunoni na ujinyooshe kuelekea nyuma mara kadhaa kabla ya kuinama tena. Ukiumwa, tembea kidogo kidogo, usijifungie kitandani. Na kama hospitali unayokwenda ina mtaalamu wa fiziotherapia, omba kumwona. Wataalamu hao wanafundishwa hapa hapa nchini, kwa mfano KCMC mjini Moshi, nao wanajua mgonjwa yupi wa kumgusa na yupi wa kumpeleka mbele.

Cyriax alifariki akiwa na miaka 80, bila kuona tawi la udaktari alilolipigania likitambuliwa nchini kwake. Lakini uchunguzi wa mgongo kwa mikono umebaki, na hauhitaji mashine ya gharama wala safari ya Dar es Salaam. Unahitaji kitanda, nyundo ndogo ya mpira, na mtu aliyefundishwa ambaye yuko tayari kutumia dakika 15 kumwangalia mgonjwa vizuri kabla ya kumshika.